Seli za kinga zinapogusana: dhana potofu na ukweli kuhusu kumegana utando

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba seli mbili za kinga zikigusana hupashana ishara tu, kisha kila moja huondoka na utando uleule iliokuja nao. Ukweli ni kwamba ndani ya dakika chache za mgusano huo seli T (aina ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili) inaweza kumega vipande vya utando wa mwenzake, pamoja na protini zilizomo, ikavivaa juu ya utando wake. Mwenendo huu huitwa trogosaitosisi.

Wapo wanaouchanganya na fagosaitosisi, ambapo seli nzima au kijidudu kizima humezwa. Seli inayomegwa kwa kawaida hubaki hai, ingawa si daima: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba amiba Entamoeba histolytica, msababishaji wa kuhara damu, huua seli za binadamu kwa kuzimega kidogo kidogo.

Wala si ajali ya seli kunasana. Katika seli T, umegaji huchochewa pale kipokezi (protini ya utando inayopokea ishara) kinapotambua antijeni yake, yaani molekuli ambacho kinga huitambua kupitia kipokezi hicho, nao hutegemea nyuzi za aktini (protini ya kiunzi cha ndani ya seli) zinazouvuta utando.

Dhana inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kwamba protini inayoonekana juu ya seli lazima imetengenezwa na seli hiyo. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba seli T za panya huchukua antijeni pamoja na molekuli inayoibeba kutoka kwa seli zinazoionyesha, na kwa sababu hiyo zikaweza kushambuliwa na seli T nyingine. Kwa hiyo anayepima protini za utando peke yake, bila kuchunguza kama jeni husika inafanya kazi ndani ya seli, anaweza kuipa seli utambulisho usio wake.

Tena, si kweli kwamba jambo hili linawahusu watu wa maabara pekee. Katika tiba ya saratani ya damu inayotumia seli T zilizobadilishwa kijenetiki, utafiti wa mwaka 2019 kwa panya ulionyesha seli hizo zikiichukua CD19, protini ya utando ambayo tiba hiyo huilenga, kutoka kwa seli za saratani. Hasara ilikuwa mara mbili: saratani ilibaki na alama chache za kuitambulisha, na seli T zilizovaa alama hiyo zikauawa na seli T wenzao. Hata hivyo, upungufu huo wa CD19 uliweza kurekebika, tofauti na ule unaotokana na mabadiliko ya jeni.