Difyuza ya flashi chini ya maji: yasemwayo na ukweli wake

Kuna wapiga picha wa chini ya maji wasioivua asilani difyuza, kifuniko cheupe cha kutawanya mwanga wa flashi, na wengine huiona kama takataka ya kubeba bure. Pande zote mbili zinakidai kifuniko hicho kazi isiyo yake.

"Difyuza huondoa vidoa vyeupe."
Haiondoi. Vidoa hivyo ni chembechembe zinazoelea kati ya lenzi na samaki, nazo huonekana kwa kuwa flashi imezimulika. Difyuza hutanua mwale, hivyo flashi iliyobanana na lenzi inaweza hata kumulika chembe nyingi zaidi. Dawa ni kurefusha mikono ya flashi, ile inayoishikilia pembeni ya kamera, kuirudisha nyuma kidogo ya lenzi na kuielekeza nje, ili samaki apate mwanga wa ukingoni tu. Hapo difyuza husaidia kweli, maana ukingo wa mwale uliotanuliwa bado una nguvu.

"Mwanga ukipita kwenye difyuza huwa laini."
Vivuli hulainishwa na ukubwa wa chanzo cha mwanga na ukaribu wake. Kifuniko kilicho sawa na uso wa flashi hakiongezi ukubwa huo, kwa hiyo kwenye tumbawe lililo mita 1 mbele yako vivuli vitabaki karibu vilevile. Kinachobadilika ni mtawanyiko: katikati ya mwale hapang'ai tena kupita pembeni, na kwa lenzi ya pembe pana hilo ni jambo kubwa.

"Basi iache muda wote."
Difyuza nyingi hula karibu nusu ya mwanga, yaani stopu moja. Kama uwazi wa lenzi ulikuwa f/8, sasa ufungue hadi f/5.6 au ongeza nguvu ya flashi, na betri itaisha mapema. Maji nayo hufyonza rangi nyekundu wakati mwanga ukienda na ukirudi. Kitu kikiwa mbali zaidi ya mita moja hivi, mimi naivua bila kusita.

"Plastiki yoyote iliyopigwa msasa inatosha."
Hii ndiyo inayowaponza wengi wanaojitengenezea, na inaniuma kwa sababu kazi yao huonekana safi kabisa mezani. Plastiki angavu iliyokwaruzwa hutawanya mwanga hewani kwa sababu hewa na plastiki huupinda mwanga kwa viwango vinavyotofautiana mno. Maji yanakaribiana sana na plastiki kwa hilo. Yakishajaa kwenye mikwaruzo, sehemu kubwa ya ukungu ule hutoweka, nawe unabaki na kitu kinachokaribia kioo cha dirisha. Tafuta plastiki yenye weupe ndani yake yenyewe, kama ya dumu la maziwa au kifuniko cha bakuli la kuhifadhia chakula. Weupe wa namna hiyo hauondoki ukilowa. Kabla ya kukata, zamisha kipande kwenye ndoo ya maji kisha mulika tochi kupitia humo: ukiona doa kali la tochi, kitupe.

Kitambaa nacho hunasa viputo vya hewa na kupeperushwa na mkondo. Karatasi haifai hata kujadiliwa.

Kwa kamera ndogo iliyo ndani ya kasha la kuzuia maji, ambayo flashi yake imejengewa humo, difyuza ya kujitengenezea ina faida kubwa kuliko popote. Mdomo wa kasha unaobeba lenzi huziba mwanga wa flashi na kuacha kivuli cheusi kwenye kona ya picha. Bamba jeupe lenye tundu la lenzi, likisimamishwa mbele ya kasha, huupeleka mwanga hadi upande uliofichwa.

Ukiifunga difyuza kwenye flashi ya nje, usizibe jicho la flashi linalopokea ishara kutoka kwa kamera, la sivyo inaweza isiwake kabisa. Ukishazama, itikise viputo vitoke nyuma yake. Plastiki ya dumu ni nyepesi kuliko maji, ikichomoka huelea juu na kuwa taka baharini, kwa hiyo itoboe na uifunge kwa kamba kwenye mkono wa flashi.