Kwa nini Doom ya 1993 haiioni kompyuta ya pili iliyo meza moja nayo?

Laptop mbili ziko meza moja, zinatumia ruta moja, na zote zinafungua YouTube bila shida. Unawasha Doom, gemu ya kupiga mazimwi risasi, ndani ya DOSBox, ile programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS, mfumo uliotangulia Windows. Unachagua mchezo wa mtandao, wachezaji wawili. Kioo kinakuwa cheusi, unatokea mstari unaosema gemu inatafuta wenzake, basi. Dakika tano zinapita, kumi zinapita, na kompyuta zilizo umbali wa shubiri mbili hazionani.

Mimi na mdogo wangu tulikesha na mstari huo Jumamosi moja. Tulizima ruta na kuiwasha, tukabadilisha waya, tukafuta gemu na kuiweka upya. "Kaka, mbona intaneti inapita lakini hiki hakipiti?" aliniuliza. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majaribio yote niliyokuwa nayafanya, na jibu lake ndilo linaloeleza karibu kila tatizo la gemu za DOS kwenye mtandao wa nyumbani.

Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Wakati huo lugha ambayo kompyuta zetu zinaongea leo, TCP/IP, haikuja pamoja na DOS. Ofisi nyingi zenye mtandao zilitumia mfumo wa kampuni ya Novell ulioitwa NetWare, na itifaki yake, yaani lugha yake ya mtandao, ilikuwa IPX. Watengenezaji wa gemu waliichukua hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi mno kwa mtumiaji. Hakukuwa na haja ya kugawiwa anwani. Kila kadi ya mtandao inatoka kiwandani na namba yake ya baiti 6, na IPX iliichukua namba hiyo kama ilivyo ikaifanya kuwa anwani ya kompyuta. Ikaongeza baiti 4 za kuutambulisha mtandao, na baiti 2 za soketi, yaani chumba ambacho programu fulani inapokelea barua zake. Doom ilikuwa na soketi yake rasmi, 869C kwa hesabu ya msingi wa 16. Unachomeka waya, unapakia draiva, unawasha gemu, nayo inapaza sauti kwa wote walio kwenye waya: kuna mwenye Doom hapa? Aliyekuwepo anaitika.

Kupaza sauti huko kulileta shida yake. Matoleo ya mwanzo ya Doom yalituma pakiti za mchezo, yaani vifurushi vidogo vya data, kama tangazo kwa wote, siyo kwa wachezaji peke yao. Kompyuta ya mhasibu asiyejua hata kama kuna watu wanacheza ililazimika kupokea kila pakiti, kuikagua na kuitupa. Mitandao ya vyuo na maofisi ilielemewa, na toleo la 1.2, Februari 1994, likarekebisha hilo.

Sasa, hiyo IPX iko wapi leo? Haipo. Windows 95 ilikuwa nayo, Windows XP ilikuwa nayo, lakini Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 IPX ilikuwa imeondolewa. Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, nayo iliitoa kwenye kiini chake mwaka 2018. Tena Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptop karibu zote za Windows siku hizi, haiendeshi programu za DOS kabisa. Ndiyo maana tunahitaji DOSBox. Kwa hiyo gemu inapaza sauti kwa lugha ambayo mfumo wa kompyuta haujui tena kuwa ni lugha. YouTube inapita kwa sababu inaongea lugha nyingine.

DOSBox inatatua jambo hili kwa bahasha ndani ya bahasha. Gemu ikiwa ndani ya DOSBox inaona draiva ya IPX kama zamani, inaandika barua yake ya IPX na kuikabidhi. DOSBox inaipokea, inaitia nzima nzima ndani ya pakiti ya UDP, mojawapo ya itifaki za TCP/IP, ambayo ruta yako inaielewa vizuri, na kuipeleka kwenye kompyuta moja iliyokubali kuwa seva. Seva inaipeleka kwa inayohusika, au kwa wote kama ni tangazo, na huko bahasha ya nje inachanwa. Gemu ya upande wa pili inasoma barua ya IPX bila kujua ilisafirije. Ujanja huu si mpya: ulikwishaandikwa rasmi mwaka 1991 katika waraka wa RFC 1234, ukatengewa mlango wake, poti namba 213. DOSBox inautumia mlango huo huo mpaka leo, usipoiambia vingine.

Hapo ndipo mimi na mdogo wangu tulipopotea. Zamani kompyuta zilijitafuta zenyewe. Sasa haziwezi, kwa sababu bahasha ya nje inataka anwani ya IP ya seva, na anwani hiyo lazima mtu aiandike kwa mkono wake. Lazima njia iwe tayari kabla gemu haijafunguliwa. Sisi tulikuwa tunahangaika ndani ya gemu, tukibadilisha hiki na kile, wakati hakukuwa na njia yoyote ya kupitisha hata barua moja.

Kuitengeneza njia ni kazi ya dakika mbili. Katika faili la mipangilio la DOSBox kuna sehemu iliyoandikwa [ipx], na chini yake ipx=false. Igeuze iwe ipx=true, kwenye kompyuta zote mbili, kisha funga DOSBox na uifungue tena. Usipofanya hivyo, hata amri ya ipxnet haitatambulika, na watu wengi wanakata tamaa hapo wakidhani DOSBox yao ni mbovu. Kwenye kompyuta ya kwanza, ndani ya DOSBox, andika:

ipxnet startserver

Kompyuta hiyo imeshakuwa seva, na papo hapo imejiunga yenyewe kama mchezaji. Kwenye ya pili, tuseme seva ina anwani 192.168.1.5, andika:

ipxnet connect 192.168.1.5

Kisha, kabla hujaigusa gemu, andika ipxnet ping. Amri hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inakata tatizo vipande viwili. Ukiona mstari wenye anwani ya mwenzako na muda kwa milisekunde, njia iko wazi, na kosa lolote lililobaki ni la gemu. Usipoona kitu, usiifungue gemu kabisa, haitakusaidia. Rudi kwenye mtandao.

Kwetu ping haikujibu. Laptop ya pili ilipojaribu kujiunga ilisubiri sekunde chache, ikasema seva haijajibu. Mkosaji alikuwa mlinzi wa Windows, ile faiawoli. Siku ya kwanza DOSBox ilipotaka kufungua mlango, Windows ilileta kidirisha cha kuomba ruhusa. Kidirisha hicho hujificha kirahisi nyuma ya dirisha la DOSBox, na mimi nilipokikuta nilibonyeza kitufe cha kughairi bila kusoma. Nilidhani nimekifunga tu. Kumbe Windows ilikwisha kuandika kanuni ya kuizuia DOSBox, na tangu hapo haikuuliza tena. Unaweza kukaa mwaka mzima ukingoja kidirisha ambacho hakirudi. Dawa ni kuingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa na faiawoli, kuitafuta DOSBox na kuipa ruhusa. Angalia pia kama Windows imeuandika mtandao wa nyumbani kuwa wa hadharani, kama vile uko hotelini; ugeuze uwe wa binafsi. Kwa kawaida ruhusa hii inahitajika kwenye kompyuta ya seva, kwa sababu yeye ndiye anayegongewa mlango. Anayegonga huwa haulizwi kitu.

Kosa la pili kwa wingi ni anwani isiyo yake. Ukiandika ipconfig kwenye Windows, huenda ukaona anwani tatu au nne, na watu huchukua ya kwanza. Kama umewahi kuweka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, moja ya hizo itakuwa 192.168.56.1, na hiyo ni ya mtandao wa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Mwenzako hawezi kuifikia. Tafuta ile iliyo chini ya jina la Wi-Fi au la waya unaoutumia. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake hakuna aliyeigawia kompyuta anwani. Kama mmeunganisha laptop mbili kwa waya mmoja bila ruta, hiyo ni kawaida, na itafanya kazi mradi zote mbili ziwe na anwani za aina hiyo. Zamani waya wa namna hiyo ulipaswa kuwa wa kupishana, wenye nyuzi zilizobadilishwa upande mmoja. Kadi za gigabiti zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo waya wowote wa mtandao unatosha.

Wi-Fi ya wageni ni mtego mwingine. Ruta nyingi huwatenga wageni wasionane wao kwa wao: kila mmoja anapata intaneti, lakini jirani hamwoni. Kwa usalama ni jambo jema, kwa Doom ni ukuta. Hamieni wote kwenye mtandao mkuu wa nyumba.

Wenye Linux wana lao. Kwenye mifumo mingi ya Linux, milango iliyo chini ya namba 1024 imehifadhiwa kwa msimamizi wa mfumo, na 213 iko chini yake. Seva inakataa kuanza. Usiiendeshe DOSBox kwa mamlaka ya msimamizi kwa ajili hiyo. Chagua mlango wa juu, kwa mfano ipxnet startserver 19900, na mwenzako aandike ipxnet connect 192.168.1.5 19900. Namba zikitofautiana, hamkutani.

Ping ikishajibu, ndipo ufungue gemu. Hapa Doom ina masharti yake, na yanatokana na namna ilivyotengenezwa. Ungedhani kompyuta moja inaendesha mchezo na kuipa nyingine habari za nani yuko wapi, nani amepigwa. Sivyo. Kila kompyuta inaendesha mchezo mzima peke yake: kila zimwi, kila risasi, kila mlango. Kinachosafiri ni amri za mchezaji tu: amekwenda mbele, amegeuka, amefyatua. Mchezo unapiga hatua 35 kwa sekunde, na hakuna kompyuta inayovuka hatua kabla ya kupata amri za wote kwa hatua hiyo. Nauona huu kama ufundi wa hali ya juu, kwa maana pakiti zinabaki ndogo hata maadui wakijaa chumba.

Gharama yake ni kwamba lazima kompyuta zote zipige hesabu sawasawa. Toleo 1.9 haliwezi kucheza na 1.666. Faili la WAD, lenye ramani na picha, lazima liwe lile lile pande zote. Idadi ya wachezaji lazima iandikwe sawa; mmoja akiandika wawili na mwingine watatu, wa pili atamngoja mtu asiyekuja. Hesabu zikiachana hata kwa jambo dogo, gemu inagundua na kusimama na ujumbe wa kosa badala ya kuendelea na michezo miwili tofauti.

Na kwa kuwa wote wanangojana, kompyuta moja ikizubaa wote wanazubaa. Mchezo ukikwama-kwama, watu hulaumu mtandao, ilhali mara nyingi DOSBox ya upande mmoja imepewa kasi ndogo. Iko kwenye mstari wa cycles katika faili lile lile la mipangilio. Ipandishe kidogo kidogo mpaka gemu iende laini kwa mchezaji mmoja, ndipo muunganishe. Kama bado inashtuka-shtuka, hapo toa Wi-Fi, weka waya. Pakiti za Wi-Fi hufika kwa kusuasua, moja mapema na nyingine baada ya kungoja, na kwa gemu yenye hatua 35 kwa sekunde kungoja huko kunaonekana kwa macho.

Tulipoifuta ile kanuni ya faiawoli, ping ilijibu mara moja. Tukafungua Doom pande zote, na ule mstari wa kutafuta haukukaa hata sekunde mbili. Mdogo wangu alimwona askari wangu wa kijani amesimama mbele yake, akageuza kichwa kunitazama mimi niliyekaa kando yake, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

Kwa Doom peke yake kuna njia fupi zaidi. Msimbo wake ulitolewa hadharani Desemba 1997, na programu kama Chocolate Doom inaongea UDP moja kwa moja, mlango 2342, bila IPX wala DOSBox. Gemu nyingi nyingine za miaka ile hazikupata bahati hiyo. Kwa hizo, bahasha ndani ya bahasha ndiyo njia iliyobaki, na amri ni zile zile.