Usisikilize Kikohozi Tu, Hesabu na Pumzi

Karibu kila anayeingia chumbani kwangu huanza na kikohozi. "Daktari, hiki kikohozi kimenishinda." Ataniambia ni kikavu au kina makohozi, kinamshika saa ngapi za usiku, na wengine hunikoholea palepale nisije nikabaki na shaka. Namsikiliza, lakini macho yangu yako kwingine: mabega yanapanda kiasi gani, misuli ya shingo imejikaza au imetulia, na je, anaifikisha sentensi mwisho kabla ya kuvuta hewa nyingine?

Nimetibu mapafu miaka mingi na nimejifunza kutokiamini kikohozi. Kina kelele nyingi na habari chache. Mafua hukileta, saratani hukileta, asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni hukileta, hata vidonge vya presha. Hili la presha wengi hawalijui: enalaprili, kaptoprili na ndugu zao huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Mtu anamaliza chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi, kumbe kinachomkoholesha anakimeza mwenyewe kila asubuhi. (Usiviache kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia akubadilishie.) Kikohozi cha mafua nacho huweza kubaki wiki mbili tatu baada ya mafua yenyewe kwisha, na antibayotiki haitakifupisha, kwa sababu antibayotiki haiui virusi.

Yanayonisaidia zaidi ni mengine: kasi ya pumzi, kalenda, na mambo ambayo mtu ameacha kuyafanya pasipo kujua kwamba ameyaacha.

Dakika moja nzima

Kuna mama aliniletea mtoto wa miezi tisa huku karibu aombe radhi kwa kunisumbua. Mtoto alikuwa na homa na kikohozi kikali kwa siku mbili, akasema, ila leo amepoa, hakohoi tena, amelala tu. Nikamwomba amfunue fulana bila kumwamsha, tukalitazama wote wawili tumbo likipanda na kushuka. Nilihesabu mara 64 kwa dakika. Kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inaingia ndani badala ya kutoka nje. Mtoto yule hakuwa amepoa. Alikuwa amechoka kukohoa.

Ile ilikuwa nimonia, homa ya mapafu. Njia za hewa huishia kwenye vifuko vidogo, mamilioni kwa mamia, vyenye kuta nyembamba mno zinazopitisha oksijeni kuingia kwenye damu. Nimonia ikishika sehemu ya pafu, vifuko vya hapo hujaa majimaji na usaha. Hewa inafika na kukuta hakuna pa kuingia, oksijeni inapungua, na ubongo unaamuru pumzi ziende mbio. Ndiyo maana, kwa mtoto mdogo anayekohoa, hesabu ya pumzi hutangulia picha ya kifua na hata sikio la daktari.

Mipaka tunayotumia ni ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20.

Kuhesabu kwenyewe kuna adabu zake. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Kupanda na kushuka kwa tumbo ni pumzi moja, si mbili. Na hesabu dakika nzima kwa saa yenye sekunde. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi: wanakwenda mbio kidogo, wanasita, wanaendelea. Ukikuta namba imevuka mpaka, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiona na kifua kinaingia ndani, au mtoto hawezi kunyonya, usingoje hata saa moja.

Nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano mwaka 2019, ilhali ile inayosababishwa na bakteria mara nyingi hutibika kwa amoksisilini ikiwahiwa. Chanjo za nimokokasi na Hib (bakteria wawili wanaoleta nimonia), surua na kifaduro zote zinalinda mapafu.

Kibomba cha pumu na makosa yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona dawa nzuri ikipotea hewani.

Pumu ni uvimbe wa ndani ya njia za hewa. Ukuta umevimba na una hasira. Ukikutana na vumbi, baridi, moshi, manyoya ya paka au mafua tu, misuli inayozunguka njia hujibana na makohozi hujaza nafasi iliyobaki. Kuna kibomba cha kutuliza, mara nyingi cha salbutamoli, ambacho hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache. Kuna na kibomba cha kuzuia, chenye steroidi ya kuvuta, kinachopunguza uvimbe wenyewe taratibu kwa siku na wiki. Wagonjwa wanakipenda cha kwanza kwa sababu wanakisikia kikifanya kazi. Cha pili wanakitupa kabatini: "Nilikivuta, sikuona kitu."

Tatizo ni kwamba cha kutuliza hakigusi uvimbe. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, uligeuza ushauri wa miongo mingi na kusema mtu mzima au kijana asitibiwe kwa kibomba cha kutuliza peke yake. Ukijikuta unamaliza vibomba vitatu vya kutuliza kwa mwaka, pumu yako haijatulizwa. Inafunikwa tu, na hatari ya kubanwa vibaya inaongezeka.

Hofu ya steroidi naielewa, ila kipimo cha kuvuta ni cha mikrogramu na kinafanya kazi palepale kifuani. Wala si zile za kujaza misuli. Suuza mdomo kwa maji kila ukimaliza kuivuta, uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Sasa namna ya kuvuta. Huwa nawaambia, "Nionyeshe unavyotumia," nanyamaza. Wengi hujipulizia kama marashi: wanafyatua mdomo ukiwa wazi, kisha wanavuta baada ya dawa kuishia ulimini na kwenye paa la mdomo. Inavyotakiwa: tikisa kibomba, toa pumzi yote, bana midomo kukizunguka, anza kuvuta polepole na kwa kina, na mwanzoni mwa kuvuta huko ndipo ubonyeze. Endelea kuvuta hadi mwisho. Bana pumzi hadi kumi. Ukihitaji mara ya pili, subiri kama nusu dakika, utikise tena. Kubonyeza na kuvuta kwa pamoja kunawashinda wengi, watoto na wazee hasa, na hao wanahitaji spesa, kile chombo chenye uwazi kinachoshika dawa mbele ya mdomo. Isipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa kibomba, ziba pembeni hewa isivuje, halafu vuta kupitia mdomo wa chupa. Si ubabaishaji. Watafiti wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani.

Jambo moja tu kuhusu kubanwa. Kifua cha pumu hupiga miluzi, na familia huogopa ile miluzi. Mimi naogopa zaidi inapokoma ghafla huku mtu bado anahangaika. Ina maana hewa inayopita haitoshi hata kupiga mluzi. Anayeshindwa kumaliza sentensi, au aliyenyamaza kifuani namna hiyo, akimbizwe hospitali huku akiendelea kuvuta kibomba cha kutuliza njiani.

Wiki mbili

Kifua kikuu hakihitaji maelezo marefu, kinahitaji kalenda. Kikohozi kikifika wiki mbili, peleka makohozi yapimwe. Nimesema hapo juu kwamba kikohozi cha mafua nacho huweza kufika huko, na ndiyo, wengi watakutwa hawana kitu. Tunapima ili tumpate yule mmoja. Homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, kupungua uzito na damu kwenye makohozi ni sababu za kutosubiri hata hizo wiki mbili.

Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alikitangaza kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na kwa miongo mingi kukiona kulitegemea hadubini na jicho lisilochoka. Siku hizi kuna mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria na kutoa jibu kwa takribani saa mbili, pamoja na kuonyesha kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Lakini mashine haibadili mate kuwa makohozi. Ukipewa kikopo, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ukohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Yale maji mepesi ya mdomoni hayana habari yoyote.

Matibabu ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Wanaoacha huacha karibu na mwezi wa pili, na siwashangai. Kikohozi kimeisha, hamu ya kula imerudi, suruali inabana. Waliobaki kifuani ni bakteria wanaojizalisha polepole sana, na dawa zinawapata kwa subira tu. Wengine hawafiki hata kupimwa kwa aibu, hadi yale ya mficha maradhi yanawakuta. Na wapo ambao picha ya kifua inawaonyesha wana kifua kikuu ilhali hawakohoi kabisa, kwa hiyo ukiambiwa wanaoishi na mgonjwa wote wachunguzwe, usiseme, "Mbona mimi sina kikohozi?"

Ngazi ulizoacha kupanda

Ugonjwa ninaochelewa kuuona kuliko yote ni wa mapafu kuziba polepole, unaojulikana zaidi kwa herufi COPD. Mtu haji kwangu akisema anakosa pumzi. Anasema ni uzee. Nikimuuliza, najikuta nahesabu vitu alivyoviacha: kwanza ngazi, kisha kutembea na wenzake kwa mwendo wao, kisha kuinama kufunga kamba za viatu. Kila alichokiacha alikipa sababu nyingine.

Sigara ndiyo mkosaji mkuu, lakini si peke yake. Zaidi ya watu bilioni mbili duniani wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo au mafuta ya taa, na nimewaona wanawake wasiowahi kushika sigara wakiwa na mapafu ya mvutaji wa miaka thelathini. Kipimo chake ni kupuliza: unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu zote kwenye mrija hadi kifua kiishe, nasi tunaangalia ni kiasi gani kilitoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote, njia zimebana. Kilichoharibika hakirudi. Ila ukiacha sigara, kasi ya kuharibika inapungua, na hilo ni kweli hata kwa mwenye miaka 60.

Anayeacha ajiandae kwa jambo moja. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuelekea kooni, na moshi huvilemaza. Vikiamka vinaanza kufagia, na wiki za kwanza mtu hukohoa kuliko alipokuwa akivuta. Nimewapoteza wagonjwa hapo: "Nilipoacha ndipo nilipougua, nikarudi." Ungekaa miezi michache, kingetulia. Na zile dawa za maji na majani zinazouzwa kama za kusafisha mapafu, usizipe hela yako. Kujifukiza nako hulegeza kamasi za puani, lakini mvuke hauoshi mapafu, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto imenipa kazi za kuungua nisizozisahau.

Wengi mna kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima, 95 na kuendelea ni sawa. Chini ya 90 ni hospitali sasa hivi. Futa rangi ya kucha kwanza, pasha vidole joto, subiri namba itulie. Kwa ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli ulivyo. Kwa hiyo kikikuandikia 95 huku mgonjwa anapumua mara 30 kwa dakika na mabega yanapanda, nenda naye hospitali hivyohivyo.