Kabla ya kukata tiketi: pasipoti ya Mtanzania na vibali vya kusafiri vya mtandaoni

Wanaofika ofisi ya Uhamiaji hapa Dodoma kuchukua pasipoti mpya mara nyingi huuliza: "Sasa naweza kuondoka?" Kutoka nchini, ndiyo. Kuingia kwa wenyewe ni habari nyingine. Pasipoti inakutambulisha kuwa Mtanzania na inakuombea njia. Mwenye nchi ndiye anayeamua kama utaingia hivihivi, utaomba kibali mtandaoni kabla ya kuondoka, au utapeleka maombi ya viza ubalozini. Anaamua kwa kuangalia uraia ulioandikwa kwenye pasipoti yako. Mnaweza kupanda ndege moja na rafiki mwenye pasipoti ya nchi nyingine, mkakaa viti jirani, na masharti yake yakawa tofauti kabisa na yako.

Ndiyo maana namsihi kila anayejiandaa kwa safari fupi, iwe ya matibabu, mkutano, harusi ya ndugu au biashara, aanze na swali hili kabla hajatoa hata shilingi: pasipoti yangu, kwa nchi ile, inadaiwa nini?

Vibali vya mtandaoni si vipya. Australia ilianza utaratibu huo mwaka 1996. Marekani ikaufanya wa lazima Januari 2009 kwa wageni wa nchi zilizosamehewa viza, Canada ikafuata mwaka 2016, na Januari 2024 Kenya ikafuta viza na kuweka kibali cha kielektroniki badala yake. Uingereza nayo imeueneza wa kwake mwaka 2025. Habari hizi huzunguka kwenye simu zetu bila maelezo kamili, na wengi huamini kuwa vibali hivyo vyote vinatuhusu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Chukua mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa anayetaka kwenda Nairobi kuonana na wanunuzi. Akiingia mtandaoni na kuandika "kibali cha Kenya", atakutana na tovuti nyingi zilizo tayari kumuuzia, nyingine kwa bei iliyopita hata zile dola 30 ambazo serikali ya Kenya huwatoza wageni wanaohusika. Yeye hahusiki. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na raia wake wamesamehewa kibali hicho. Anachohitaji ni hati halali ya kusafiria, na kama anapita barabara ya Kondoa, Babati na Arusha, agongewe muhuri kwenye kituo cha pamoja cha Namanga. Basi.

Upande mwingine kuna nchi ambazo kibali chao cha mtandaoni hakipo kwa pasipoti yetu. Kile cha Uingereza, cha Marekani na cha Canada viliwekwa kwa watu ambao hawadaiwi viza. Hata kile ambacho nchi za Ulaya za eneo la Schengen wanakiandaa kitakuwa hivyo hivyo. Mtanzania anayekwenda huko kutembea anaomba viza, na kwa kawaida lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Dodoma ahesabu safari hiyo kwenye muda na bajeti yake. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya miji hii miwili mwaka 2024, jambo hilo limekuwa jepesi kuliko zamani. Mtu akikuambia atakupatia kibali cha Marekani cha mtandaoni kwa pasipoti ya Tanzania ndani ya siku tatu, usimpe fedha wala picha ya pasipoti yako.

Nchi ambayo utaratibu wa mtandaoni unatugusa sana ni India, kwa sababu ya matibabu. Hapa nitakaa kidogo, maana familia zinazosafiri na mgonjwa huwa na haraka, na haraka huzaa makosa.

India wana viza ya kielektroniki ambayo Mtanzania anaruhusiwa kuiomba akiwa nyumbani. Ikikubaliwa hutumwa kwa barua pepe, na karatasi hiyo ndiyo kibali cha kusafiri. Iko ya utalii, ya biashara, ya mkutano, ya matibabu na ya msindikizaji wa mgonjwa. Ya matibabu huruhusu kukaa siku 60 tangu kufika na kuingia mara tatu, na lazima iambatane na barua ya hospitali ya India iliyo kwenye karatasi yenye nembo yao. Wasindikizaji wanaokubaliwa kwa mgonjwa mmoja ni wawili. Kila mmoja anajaza maombi yake na kutaja taarifa za mgonjwa anayemsindikiza. Tafadhali usimjazie msindikizaji maombi ya utalii kwa kuona ni mafupi, kwa sababu afisa atakayewapokea ataona mgonjwa na mtalii wamefuatana, na maswali yatakuwa mengi wakati mgonjwa amechoka.

Maombi yapelekwe angalau siku nne kabla ya siku ya kufika. Huo ni ukomo wa chini. Ushauri wangu ni wiki mbili, maana picha hukataliwa na malipo hukwama. Tovuti yao inataka picha ya mraba, uso mzima, mandhari meupe, bila miwani, na ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako uwe faili la PDF lisilozidi kilobaiti 300. Picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa ilivyo mara nyingi ni nzito kuliko hapo, na mfumo huikataa. Kijana wa steshenari anajua kuipunguza. Mwambie kiwango hicho mapema. Fomu yenyewe ni ndefu. Inauliza majina ya baba na mama, walikozaliwa na uraia wao, mtu anayekufahamu hapa nyumbani, na mtu au hospitali itakayokupokea kule. Ukianza tu kujaza, mfumo unakupa namba ya muda ya maombi. Iandike kwenye daftari, kwa sababu umeme au mtandao ukikatika katikati, namba hiyo ndiyo itakayokurudisha ulipoishia.

Ukipokea barua pepe ya kwanza usidhani mambo yameisha. Ile ya mwanzo huthibitisha tu kuwa maombi yamefika. Rudi kwenye tovuti uangalie hali ya maombi yako, na usiondoke mpaka yaonyeshe kuwa yamekubaliwa. Ichapishe karatasi hiyo. Kumbuka pia kuwa viza hii inatumika kwenye viwanja vya ndege walivyovitaja tu. Delhi, Mumbai, Chennai, Hyderabad na Bengaluru vimo. Ukifika watachukua alama za vidole.

Sasa nieleze jambo linalobeba masharti karibu yote ya vibali hivi, popote uendapo. Kibali cha kielektroniki hufungwa kwenye namba ya pasipoti. Hakibandikwi kwenye ukurasa wala hakigongwi muhuri. Kinakaa kwenye kompyuta za nchi unayokwenda, na kinachokutafuta humo ni ile namba. Ukikaa kwenye kaunta ya shirika la ndege pale Uwanja wa Julius Nyerere, mhudumu anapoingiza pasipoti yako anaangalia kama taarifa zake zinalingana na za kibali. Mashirika hayafanyi hivyo kwa ukali tu. Yakimbeba mtu asiye na ruhusa, nchi nyingi huyatoza faini na kuyadai yamrudishe kwa gharama zao. Kwa hiyo tofauti ya herufi moja inatosha kukuacha na mabegi yako Dar es Salaam huku ndege ikiruka.

Kutokana na hilo, pasipoti hutangulia kibali siku zote. Kama inakaribia kwisha, ihuishe kwanza ndipo uombe. Nchi nyingi, India ikiwamo, zinataka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita na kurasa mbili zilizo wazi. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 na hudumu miaka 10, maana yake waliozichukua mwanzoni zinawaishia mwaka 2028, na ukitoa ile miezi sita muda wao wa kusafiri unafika ukingoni mapema zaidi. Aliyeomba kibali kwa pasipoti ya zamani kisha akachukua mpya lazima aulize nchi husika kama ataomba upya. Nyingi zitamwambia aombe upya.

Majina nayo yajazwe kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama mtaani unaitwa vingine na hata kama cheti cha ndoa kina jina jipya. Wengi wetu tuna majina matatu, na fomu za nje zinataka jina la ukoo sehemu moja na mengine yote sehemu nyingine. Ukitatizika, tazama mistari miwili ya chini kabisa kwenye ukurasa wenye picha yako, ile yenye alama za mishale. Baada ya herufi TZA linakuja jina la ukoo, kisha mishale miwili, kisha majina mengine. Fuata mpangilio huo. Angalia herufi O isichukuliwe kuwa sifuri. Angalia tarehe pia, kwa sababu fomu nyingine hutanguliza mwezi: aliyezaliwa tarehe 4 Julai anaweza kujikuta amezaliwa tarehe 7 Aprili. Na mtoto, hata anayenyonya, awe na pasipoti yake na kibali chake.

Wengi wetu hapa Dodoma tunajaziwa fomu steshenari, na sina ubaya na jambo hilo. Vijana wale wanawasaidia watu wengi ambao hawana kompyuta wala mazoea ya mtandao. Ninachosisitiza ni kwamba ukae naye, usome skrini kabla hajatuma, na barua pepe itakayotumika iwe yako. Maombi yakifanywa kwa barua pepe ya mwenye duka, jibu linakwenda kwake. Akifunga Jumamosi jioni na wewe unasafiri Jumapili, kibali kipo lakini huna njia ya kukiona. Kama hujui kufungua barua pepe, mwambie mwanao au mjukuu akufungulie nyumbani, nenosiri mlijue ninyi. Ukimaliza, mwombe afute nakala ya pasipoti yako kwenye kompyuta yake.

Malipo hufanyika kwa kadi ya benki, au kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma za pesa za simu. Hakikisha kadi imeruhusiwa kulipa nje ya nchi. Kabla ya kubonyeza malipo, soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Tovuti za serikali ya India huishia na gov.in, za Kenya go.ke, za Uingereza gov.uk, na za kwetu go.tz. Tovuti inayotangulia kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi imelipia nafasi hiyo. Ada hairudishwi, hata ukikataliwa.

Ikiwa unaunganisha ndege, uliza pia masharti ya nchi unayopitia, hasa kama utalala hotelini nje ya uwanja. Na ndugu wenye pasipoti za nje wanaokuja kututembelea Dodoma kwa kupitia Nairobi wajue kuwa kibali cha Kenya hakiwaingizi Tanzania. Viza yetu huombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya yote haya. Katika mikoa yetu ya kati wasichana hufuatwa vijijini na kuahidiwa kazi za ndani ughaibuni, kisha huombewa kibali cha matembezi. Kibali cha matembezi hakimruhusu mtu kufanya kazi. Siku zikiisha, binti anakuwa mkosaji mbele ya sheria ya nchi ile, na mwajiri akimnyang'anya pasipoti anaogopa kwenda kulalamika. Sheria yetu ya kuzuia biashara ya usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu mwaka 2008, na afisa wetu anapomuuliza msafiri anakwenda wapi, kwa nani na kwa muda gani, anatafuta kumlinda. Mzazi, kama binti yako ameahidiwa kazi nje, ulizia kwanza kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na uombe kuuona mkataba.

Hata mwenye kibali sahihi ataulizwa maswali akifika. Kibali kinakuruhusu kupanda ndege na kufika mlangoni; ruhusa ya kuingia hutolewa na afisa wa pale. Beba mkononi, usiweke kwenye begi kubwa, tiketi ya kurudi, anwani ya utakapolala na barua ya mwaliko au ya hospitali. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli.

Maombi yakikataliwa, usirudie kesho yake kwa kubadilisha majibu, kwa sababu mfumo huhifadhi yale ya kwanza. Soma sababu iliyotolewa. Kama ni picha au nakala isiyosomeka, rekebisha uombe tena. Kama sababu ni nyingine, nenda ubalozini ukaombe viza ya kawaida na upeleke nyaraka zako zote. Kwa India ni Ubalozi wao mdogo wa Zanzibar au Ubalozi wao wa Dar es Salaam. Na tiketi isiyorudishiwa fedha ingoje mpaka jibu liwe mkononi mwako.