Si kila tumbo kujaa ni vidonda
Hapa Mombasa, ukila mahamri mawili kwa mbaazi ukahisi umeshiba mpaka usiku, utaambiwa una vidonda vya tumbo. Huenda sivyo. Kisukari cha miaka mingi huweza kuharibu neva ya vagasi inayoongoza misuli ya tumbo. Chakula kikalala humo saa nyingi, kisha kikatapikwa. Dawa za kupunguza asidi haziliondoi tatizo hilo, liitwalo gastroparesisi.

Kwa tatizo hilo kuna kifaa cha umeme kinachopandikizwa chini ya ngozi, Marekani ilikiruhusu mwaka 2000 kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa. Wengi hudhani kinasukuma chakula. La, mapigo yake ya umeme ni hafifu mno. Hupunguza hasa kichefuchefu na kutapika. Matibabu huanza na kudhibiti sukari na milo midogo isiyo na mafuta mengi (poleni wapenzi wa biriani).