Rangi Mpya Juu ya Nguzo Kuukuu

Mwenye ghala hapa Mombasa anapotaka kujua kama jengo lake la chuma lingali salama, jambo la kwanza analotutajia sisi wahandisi wa ukaguzi huwa ni umri wake, ilhali umri peke yake hausemi mengi. Kinachobeba mzigo ni chuma kilichobaki, na kiasi hicho hakijulikani mpaka kipimwe.

Kusi ikivuma, chumvi ya bahari hufika hadi kwenye kenchi za Shimanzi na Changamwe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 huyaweka mazingira makali ya bahari katika daraja la C5, ambamo chuma kisicho na rangi huweza kupoteza mikroni 80 hadi 200 za unene (mikroni elfu moja ni milimita moja) katika mwaka wa kwanza. Wengi hushangaa kusikia kwamba vyuma vilivyositirika chini ya paa wakati mwingine huliwa zaidi kuliko vinavyonyeshewa. Mvua huosha chumvi, na penye sitara hakuna cha kuiosha.

Mimi huanzia kwenye kitako cha nguzo, pale inapoingia sakafuni na maji ya kudeki hutuama. Nimewahi kugonga kwa nyundo ndogo nguzo iliyotoka kupakwa rangi ya fedha: kifuani ililia kama kengele, lakini shubiri moja kutoka sakafuni mlio ulififia, na rangi ikabanduka pamoja na kutu iliyopandana matabaka kama chapati.

Kutu hiyo hukwanguliwa mpaka chuma king'ae, kisha unene hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, ambacho huhitaji kugusa upande mmoja tu. Bamba la milimita 12 lililobaki 9 limepoteza robo ya unene wake, lakini ugumu wake dhidi ya kupinda hubaki kama asilimia 42, kwa kuwa ugumu huo hufuata kipeo cha tatu cha unene. Hapo ndipo makisio ya macho yanapoponza.

Mihimili ya kreni ina ugonjwa mwingine, yaani uchovu: mzigo unaokuja na kuondoka huanzisha ufa kwenye maungio ya kulehemu hata pasipo na kutu.

Na kabla fundi hajalehemu kiraka, kipande cha chuma hicho kipimwe maabara, kwani baadhi ya vyuma vya zamani vina kaboni au salfa nyingi na huweza kupasuka kandokando ya kiungo. Ikithibitika hivyo, mara nyingi tunapendelea kiraka kifungwe kwa bolti.