Mtoto wa mkono wa kulia anayelenga kwa jicho la kushoto

Ukimwona mtoto mwenye bidii anapiga mishale yote kushoto mwa shabaha, tena ikikusanyika mahali pamoja, usimgombeze. Mkono wake ni mzuri. Anavuta upinde kwa mkono wa kulia, lakini jicho lake linaloongoza ni la kushoto.

Karibu kila mtu ana jicho ambalo ubongo hulitegemea zaidi wakati wa kulenga. Kwa takriban theluthi moja ya watu, jicho hilo ni la kushoto, ilhali wanaotumia mkono wa kushoto ni kama mmoja katika kumi. Ndiyo maana watoto wa namna hii hawakosekani uwanjani ninapofundisha kupiga upinde. Si ugonjwa, wala si kengeza.

Hesabu yake ni hii. Mkia wa mshale umekaa chini ya jicho la kulia, lakini ncha inalinganishwa na shabaha kwa jicho la kushoto. Chukua mtoto ambaye macho yake yameachana sentimita 5.5, na mshale wa sentimita 65. Kwenye mita 10 atakosa kwa karibu sentimita 80! Hata ile shabaha kubwa ya Olimpiki, yenye kipenyo cha sentimita 122, ataikosa kabisa. Na kadiri anavyojitahidi kulenga, ndivyo anavyozidi kupiga palepale, mpaka anakata tamaa.

Kwa hiyo napima macho kabla sijampa mtoto upinde. Anasimama hatua chache mbele yangu, ananyoosha mikono, anakutanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo, kisha anaiangalia pua yangu kupitia hapo, macho yote wazi. Jicho ninaloliona mimi ndilo linaloongoza. Narudia siku nyingine, maana kwa wadogo jibu hubadilika. Nikihisi jicho moja halioni vizuri, namwambia mzazi ampeleke kwanza kwa daktari wa macho. Jicho lenye uoni hafifu hutibika vyema zaidi utotoni, na hilo lina uzito kuliko mchezo wowote.

Mtoto wa jicho la kushoto asiyewahi kushika upinde namwanzisha kwa kushoto, yaani avute kwa mkono wa kushoto. Hapo wazazi hushtuka, maana wengi tumelelewa kukatazwa mkono huo. Nawaeleza kwamba mkono wa kulia haukai bure: ndio unaoshika upinde na kuusukuma kuelekea shabaha, kazi ambayo nayo inataka nguvu na utulivu. Naye mwanafunzi mpya hana mazoea ya kuyavunja. Shida ni vifaa, kwa kuwa pinde za kisasa huchongwa kwa upande mmoja na za kushoto ni adimu. Upinde wa mti mmoja, kama ule wa Wahadzabe, wawindaji wa Tanzania, hauna upande, nami naupenda kwa siku za mwanzo.

Aliyekwisha zoea kulia kwa miaka simlazimishi kubadilika. Kumwambia afumbe jicho hakusaidii sana: watoto wengi hukunja uso mzima, na bega hupanda. Afadhali miwani ya mazoezi yenye kipande cha utepe usioonyesha vizuri kwenye kioo cha kushoto. Mwanga unapita, ila ncha ya mshale haionekani kwa jicho hilo, na la kulia linashika kazi. Mazoezi yakiisha, avue miwani hiyo.